Nilivyolisoma Neno Kaburimbo

Vijana wa ofisini mmenitaka niandike niliyoyaona kazini, na mkasisitiza nisisahau jinsi nilivyopanda vyeo. Vyeo sitaviandika. Vimo kwenye jalada langu, na jalada langu mnalo nyinyi. Nitaandika habari za neno moja, kwa sababu kila mnapokuja hapa kwangu Buzebazeba na michoro yenu huwa mnabishana kama kipande fulani kiitwe lami au kisiitwe lami, nami nanyamaza. Mnadhani nimechoka au masikio yameanza kunitupa mkono. Masikio yangu ni mazima.

Nilikuja Kigoma kwa treni, fundi sanifu mpya kutoka Tanga, nimevaa viatu vya ngozi ambavyo havikumaliza masika ya kwanza. Nilipangiwa kikosi cha barabara ya kwenda Ilagala. Wakati huo ilikuwa ya udongo na changarawe, isipokuwa kwenye milima mikali na sehemu za kupishania magari, ambako kikosi kilikuwa kimemwaga lami kwa mikono, kipande hapa na kipande kule, ili magari yasiteleze mvua ikinyesha. Vipande hivyo vilikuwa vya zamani na vingine vilishaanza kumeguka.

Mpima wa kikosi alikuwa Mzee Fabiani, Mha wa Kasulu aliyekuwa amejenga Ujiji, mfupi, kofia ya pama, penseli sikioni. Nilimkuta ameinama juu ya kitabu chake cha vipimo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Tanga."

"Mbali. Haya, shika tepu hii, nenda mpaka pale kwenye kaburimbo, uweke sifuri."

Mimi nilisikia kaburi. Nikaondoka na ncha ya tepu nikiangaza macho kushoto na kulia, natafuta msalaba au rundo la mawe. Nilipita juu ya kipande cha lami, nikaendelea kutembea kwa heshima zote kama mtu anayekwenda msibani, mpaka tepu ikaisha na kunivuta mkono. Kikosi kizima kikaangua kicheko.

"Fundi, kaburimbo umeikanyaga zamani!" aliniambia mpika lami, bwana mmoja mrefu mwenye makovu ya moto kwenye mikono. Wote kambini walimwita Baba Neema. Jina lake la Mbonimpa niliwahi kuliona kwenye orodha ya wafanyakazi tu, na sikumbuki kama nililitamka hata mara moja.

Basi nikajifunza. Kwa Waha wengi wa upande wa mpakani, kama kwa Warundi, kaburimbo ndiyo lami. Baba Neema alinieleza kwamba limetokana na uburimbo, yaani ule utomvu unaonata ambao watoto hupaka kwenye vijiti kunasia ndege. Nikamwambia kwetu tunao pia, tunauita ulimbo. Alifurahi sana, akawatangazia wenzake kuwa mimi si mgeni tena. Mzee Fabiani hakukubaliana naye. Alishikilia kwamba neno lililetwa na Wabelgiji huko ng'ambo ya mpaka, likavunjikavunjika njiani, ila hakuweza kutuambia lilikuwa neno gani kabla halijavunjika. Walibishana juu ya hilo miaka yote niliyowajua, kila mara kama ndiyo mara ya kwanza, na kila mara waliishia kugawana sigara.

Wakongo walioshuka na mizigo Kibirizi walisema godro, na hilo kila mtu alijua ni la Kifaransa. Mafundi wa maboti palepale Kibirizi walisema lami, lakini kwao lami haihusiani na magari: ni kile kitu cheusi cha kupaka kwenye maungio ya mbao ili maji yasipenye. Wazee wengi walitamka rami. Dereva akikwambia ameshika lami, ana maana ameachana na vumbi. Wenzetu wa maabara wakisema lami wana maana ya kilichomo ndani ya pipa basi, ukishakichanganya na kokoto wanakukatalia. Mgombea naye akija kijijini akasema lami, ujue anazungumzia kitu ambacho hakijaja. Nimewauliza wajuzi asili ya neno lenyewe. Mmoja aliniambia Uhindini, mwingine Uarabuni, na wote wawili walinijibu kwa uhakika uleule.

Barabara nalo lina mambo yake. Maana yake nyingine ni sawasawa, bila kasoro. Mzee Fabiani kila povu la pima maji lilipotulia katikati alipiga kelele, "Barabara!" Mtu akituangalia kutoka mbali angedhani anatukumbusha tuko wapi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa hesabu zake tu. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa kuwa wino hulia mvua ikigusa karatasi. Alinifundisha kuandika kila kitu kwa herufi kubwa, ili asiwepo mtu wa kukisia mwandiko. Maneno marefu aliyakata na kuweka nukta: KAL. ni kalavati, MT. ni mtaro, NG. ni nguzo ya simu. Neno lami alilitumia kwa kazi mpya tu. Vile vipande vya zamani aliviandika KABURIMBO, bila kukata, mbele yake umbali kutoka katikati ya barabara. Kitabu chake alikifunga kwenye nailoni na kukilaza chini ya mto wake. Wenzake walimtania kwamba mkewe anakionea wivu.

"Kisichoandikwa humu," alinionya, "greda haikijui. Greda haina huruma, Fundi. Inakwenda inakoambiwa."

Alipostaafu alinikabidhi kitabu hicho mbele ya kikosi, kwa mikono miwili.

"Kisome chote," alisema. "Usisome unapopahitaji tu."

Nilimwitikia ndiyo Mzee. Nilisoma nilipopahitaji tu.

Mwaka uliofuata tuliletewa greda na matipa, tukaambiwa tupanue barabara kwenye ule mlima mrefu uliokuwa na kambi ya zamani. Kambi yenyewe ilishahamishwa kabla sijafika Kigoma. Agizo lilikuwa kuvunja vipande vyote vya lami ya zamani, kuzoa kifusi chake na kukitumia kuinua tuta la kalavati bondeni. Nilikaa juu ya boneti ya gari na kitabu cha Mzee Fabiani, nikawa namsomea Hamisi, dereva wa greda, mahali pa kuvunja. Kulia mita nne, kaburimbo. Kushoto mita tatu na nusu, kaburimbo. Kisha nikafika kwenye mstari ulioandikwa: KUSHOTO MITA 5, KABURI MBO.

Ndivyo ulivyoandikwa. Kulikuwa na nafasi katikati, kulikuwa na nukta mwishoni. Niliiona nafasi, nikadhani penseli iliruka. Niliiona nukta, wala sikujiuliza kwa nini Mzee Fabiani akate neno ambalo hajawahi kulikata. Nilikuwa najivunia kulijua neno hilo. Mtu wa Tanga mzima, nasoma kaburimbo bila kusaidiwa.

Nikainua macho. Kushoto, mita tano, palikuwa na kipande cheusi cha lami na kokoto, kimefunikwa na majani pembeni. Kilikuwa kidogo, kama mkeka wa kukalia mtu mmoja. Nikasema moyoni, mabaki ya mahali pa kupishania. Nikamwonyesha Hamisi kwa kidole.

Greda ilishusha kisu, ikakwangua mara mbili, kisha Hamisi akazima injini.

"Fundi, hii kaburimbo ina mbao chini yake."

Nilishuka nikaangalia. Vilikuwa vipande viwili vitatu vya mbao nyembamba, vimeoza. Ningeweza kupiga magoti. Ningeweza kuchukua sepetu nikachimba kwa mkono kwa dakika tano. Lakini tipa mbili zilikuwa zinangoja na madereva wanapiga honi.

"Ni mbao za kukingia lami isitiririke," nilimwambia. "Endelea."

Aliendelea.

Baba Neema hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kagunga kumzika mama yake, na kwa kuwa Kagunga hakufikiki ila kwa boti, na ziwa lilikuwa limechafuka, alikaa huko zaidi ya siku alizopewa. Aliporudi alishukia Kibirizi, akadandia lori la mchanga mpaka kwenye mlima. Mimi nilikuwa hemani. Nilisikia watu wamenyamaza, nikatoka. Alikuwa amesimama ukingoni, begi bado liko begani, anatazama mahali palipokwanguliwa na kusawazishwa vizuri kabisa.

"Fundi," aliniita. "Umwana wanje yuko wapi?"

Mtoto wangu, ndivyo alivyosema, nami sikuelewa mtoto yupi. Miaka yote nilimwita Baba Neema, wala sikuwahi kumuuliza Neema anasoma shule gani. Mpishi wa kambi, mama mtu mzima, ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza. Neema alifariki akiwa na miaka minne, kwa homa, wakati wa masika yaliyokata barabara hii hii, gari la kumpeleka hospitali likakwama matopeni mpaka asubuhi. Walimzika karibu na kambi. Mvua iliyofuata ikaanza kulila kaburi, kwa sababu pale ni mteremko. Baba yake hakuwa na saruji. Alikuwa na lami iliyobaki chini ya pipa. Aliichemsha, akaichanganya na kokoto ndogo alizozichagua mwenyewe, akamfunika mtoto wake kama alivyofunika barabara, kwa unene uleule na kwa mteremko wa maji uleule. Aliweka msalaba, mchwa wakaula. Akamwomba Mzee Fabiani aandike kitabuni, ili siku moja asije mtu na greda.

Nilirudi hemani nikafungua ukurasa. KABURI MBO. Kaburi la mtoto wa Mbonimpa. Nukta yake hiyo hapo, nyeusi, imekandamizwa na penseli. Nikakaa juu ya sanduku la vifaa.

Baba Neema alikuja mlangoni mwa hema.

"Mzee Fabiani aliandika," alisema. "Aliniahidi. Angalia humo, Fundi."

Nilikuwa nimeshakifunga. Mkono wangu ulikuwa juu ya jalada.

"Nimeangalia," nikamjibu. "Haikuandikwa."

Mkitaka kujua nilichokuwa naogopa, si kufukuzwa kazi. Niliogopa macho yake yakinitazama mimi. Nilitaka yatazame mahali pengine, na mahali pa karibu palikuwa kwa mzee aliyeko Ujiji, ambaye hakuwepo kujitetea.

Tulimtafuta mtoto. Dereva wa tipa alitupeleka bondeni akatuonyesha alikomwaga. Juu ya kifusi hicho tulishashindilia matabaka matatu. Tulichimba siku mbili, Baba Neema mbele na sepetu. Tulipata vipande vya lami vingi, vyote vinafanana. Siku ya tatu aliweka sepetu chini.

"Oya, hapana," alisema. "Mwacheni. Mtamvuruga zaidi."

Tuta lile mnalijua. Mnalipita kila mkienda kukagua kalavati, na mwaka jana mmoja wenu alilisifu kwamba halijawahi kutitia. Lami mpya ilipofika pale, Baba Neema aliomba apangiwe upande mwingine, nikampangia. Mwaka huohuo aliacha kazi.

Ila kabla ya hapo alikwenda Ujiji. Alimkuta Mzee Fabiani barazani, akamwambia mbele ya mkewe na majirani kwamba amemuua mtoto wake mara ya pili. Hayo aliyasimulia Mzee Fabiani mwenyewe, wiki ile ile, alipokuja ofisini kwangu kwa miguu. Alikaa pembeni ya kiti, kofia mapajani.

"Nionyeshe kitabu," aliniomba. "Niliandika. Nakumbuka nilichonga penseli kwanza."

Kitabu kilikuwa ndani ya droo, karibu na goti langu. Nilimwambia kimepelekwa Dar es Salaam na vitabu vingine vya zamani. Nilimwona anawaza. Hakunitilia shaka mimi, mwanafunzi wake. Alijitilia shaka yeye.

"Labda nilikusudia tu kuandika," akasema polepole. "Mtu unakusudia kitu, baadaye unakumbuka kama umekifanya. Inawezekana?"

Nilimjibu inawezekana, Mzee. Nililitamka hilo kwa mdomo wangu.

Hakuwa Fabiani yule tena. Nilikuwa namtembelea na sukari na sabuni, kila nikienda nikimkuta amepungua. Alianza kuandika kila jambo kwenye vipande vya maboksi, kwa herufi zake kubwa: NIMEFUNGA MLANGO. NIMEKULA. MKE AMEKWENDA SOKONI. Mkewe aliniambia usiku hashituki wala hasumbui, ila mchana anamuuliza mara tatu kama ni kweli walioana kanisa la Kasulu au anaota. Mtu ambaye kikosi kizima kilitegemea neno lake, akawa haliamini neno lake mwenyewe. Mara mbili alinituma kwa Baba Neema nimwombee msamaha. Mara zote mbili sikwenda, na nikarudi kumwambia amekataa.

Alipofariki tulimzika Ujiji. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Watu wa kikosi cha zamani walikuja wote, hata Hamisi alitoka Uvinza. Baba Neema hakuja. Kwetu hapa mtu akikosa kwenye mazishi ya rafiki yake, watu hawasemi kitu pale pale, lakini hawasahau. Mjane alinipa ile tepu ya chuma ya marehemu, akasema mimi ndiye mtoto wake wa kazi. Niliipokea kwa mikono miwili.

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilijenga madaraja madogo ambayo bado yamesimama, nikafundisha baadhi yenu, nikawasisitiza kuacha nafasi kati ya maneno na kusoma kila nukta. Mlinicheka kwa ukali wangu wa nukta. Kuna kijana nilimrudishia taarifa mara nne. Asamehe.

Mwezi uliopita, nilipokuja kutoa vitu vyangu vya mwisho vilivyobaki ofisini tangu nistaafu, nilikitoa kitabu kwenye droo. Nailoni yake ilishakuwa ya njano. Nikakiweka kwapani, nikaenda kwa Baba Neema, ambaye naye anakaa hapa hapa Buzebazeba, mitaa mitatu kutoka kwangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nazunguka njia ya mbali kwenda sokoni nisipite kwake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Mikono yake ya makovu imeanza kutetemeka.

"Mwakeye, Fundi," alinisalimia kwa Kiha, akanisogezea kigoda. Tuliulizana habari za afya, za watoto, za mvua. Kisha nikamfungulia ukurasa, nikaweka kidole kwenye mstari.

Baba Neema anasoma taratibu. Midomo yake ilicheza. Kaburi. Akatulia. Mbo. Akagusa ile nukta kwa ukucha.

"Aliandika," alisema.

"Aliandika. Mimi nililisoma kaburimbo. Na siku ulipokuja hemani nilikuwa nimeshajua, nikakudanganya. Naye nikamdanganya. Alinituma kwako mara mbili, sikuja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Alichukua kitabu kutoka mkononi mwangu, akakifunga, akakiweka kifuani. Mkewe akatokea mlangoni kuangalia kulikoni, akarudi ndani.

"Alikuja kwangu Pasaka moja," alisema. "Kabla hajafa. Alisimama pale kwenye lango. Nilimwona, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Alikaa pale mpaka jua likawa kali. Mimi niko ndani namsikia anakohoa."

Nilimwambia anisamehe. Nililia, sitawaficha, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

"Kwa Neema nilikusamehe siku zile zile tunachimba," alinijibu. "Nilikuona mikono inakutoka damu. Nikasema huyu amekosea, kazi ina makosa." Alisimama, akamwita mkewe amletee viatu na koti. "Kwa Fabiani mimi siwezi kukusamehe. Huyo si wangu kumsamehea. Muulize mwenyewe."

Alivaa koti lake jeusi, lile la mazishi, akatoka na kitabu mkononi kuelekea njia ya Ujiji. Nilinyanyuka nimfuate. Aligeuka langoni.

"Baki," aliniambia. "Leo ni yangu na yake. Wewe utakwenda siku yako."

Nimeshakwenda mara tatu. Nasimama pale kaburini kwake, nasema jina langu, nasema nilichofanya, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti. Kisha nangoja kidogo, halafu narudi nyumbani.